Godoro Tulilolivika Shuka

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Nyumbani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yakiwa yamezizoea ngazi za huko na kile kikohozi chako cha asubuhi kikiwa kimeaga. Huku afya zetu si mbaya. Kaka yako kiuno humsumbua akiinama na humsahau akikaa, kwa hiyo amechagua kukaa. Mama hajambo, ila siku hizi hazungumzi sana, na sababu ya ukimya wake ndiyo iliyonikalisha mezani leo.

Usishtuke. Hakuna aliyefariki wala aliyelazwa. Ni habari ya lile godoro ulilotuachia ulipokwenda kuishi kwa binti yako, na habari ya shoga yako Mama Povu, dobi wetu. Najua maneno yana miguu, na yakifika kwako kwa njia nyingine yatakuwa yameshaota pembe. Nataka uyapate kwangu, kwa mpangilio wake. Unanijua kwa shajara yangu. Kila jambo nililiandika siku lilipotokea, hata yale ambayo sikupenda kuyaandika.

Ilianza mwezi wa tatu, Baba alipoletewa kiti cha kuegemea na rafiki yake aliyekuwa anahama. Kiti kizuri, cha mbao nzito na sponji nene. Tulikigombea kama watoto. Muda si mrefu tukaanza kujikuna. Mama akalaumu mbu, kisha sabuni mpya, kisha akamlaumu Baba kwa kutooga vizuri. Asubuhi moja nikageuza mto wa kile kiti nikawaona mwenyewe kwenye mshono, wamejipanga kama shanga. Kunguni.

Unamjua wifi yako. Sakafu yake unaweza kumwaga asali ukailamba. Siku ile aliketi kitandani, mikono juu ya kichwa, akasema tufunge madirisha. Nilimwambia kunguni hawatoki kwa dirisha. Akasema, “Wao hawatoki. Habari inatoka.”

Tangu siku hiyo mashuka yetu hayakushuka tena kwa Mama Povu. Mama alianza kuyafua mwenyewe bafuni, mlango ameubana, kama mtu anayechapa noti bandia. Mama Povu akaniuliza kwenye ngazi kama tumemchukia au tumenunua mashine. Nilicheka tu, nikapita. Mtu wa kupulizia dawa alipokuja, Mama aliwatangazia majirani kuwa ni fundi bomba, na yule bwana maskini akaombwa na watu wa ghorofa ya pili aangalie mfereji wao unaovuja.

Yeye ndiye aliyetuambia kwamba vitu vingine vitapona kwa dawa na maji ya moto, lakini kile kiti na godoro vitoke. Basi nikaamua, kama tunatoa, tutoe na makorokoro mengine yote yaliyotubana humu ndani, na tuyatoe kistaarabu. Hatuna gari, na hatuna ndugu mwenye gari, na mwenye pikapu wa mtaa huu akiona kitu kikubwa mlangoni kwako huwa anataja bei kama daktari wa upasuaji. Lakini sikutaka tufanye kama wanavyofanya wengine hapa, kusukumia makochi mferejini halafu mvua ikinyesha wanashangaa maji yameingia ndani.

Nilikwenda ofisi ya usafi nikauliza. Nikapata maelezo, nikayafuata moja baada ya jingine. Televisheni iliyokufa niliifunga mgongoni kwa shuka mpaka kwa fundi redio, anayepokea mifupa ya namna hiyo ili atoe vipuri na kupeleka yaliyobaki panapostahili. Njiani mwanamke mmoja akanisogelea kwa huruma, “Amelala? Ana miezi mingapi?” Nikamwambia huyu amelala moja kwa moja. Jiko la chuma lililotoboka lilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kile kiti Baba alikifungua parafujo zote akiwa amekaa kwenye kigoda, tukakimwagia maji yanayochemka, sponji tukaifunga kwenye nailoni. Nakiri nilijiona. Nilikuwa nikipita mbele ya yale makochi ya mferejini, pua juu.

Likabaki godoro lako. Ulijua kununua, Shangazi. Unene ule haukunjiki, na ngazi zetu unazikumbuka. Lori la taka kubwa huja pale kwenye kona kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na tangazo lililobandikwa getini limeeleza wazi: godoro lenye wadudu lichanwe, lifungwe nailoni, liandikwe. Nilikuwa nimeshatafuta kalamu ya wino mzito.

“Unataka kuandika nini?” Mama akauliza.

“Kunguni, Mama. Ndivyo tangazo linavyosema.”

“Uandike kunguni kwenye godoro lililotoka mlangoni kwangu, watoto wa shule wakipita? Si uandike na jina langu kabisa, uongeze namba ya simu!”

Baba akasema kutoka kwenye kigoda chake, “Hao wadudu wametunyonya hadharani. Waandike tu, mke wangu, na wao waone haya.” Mama hakucheka. Alisema hataki lichanwe pia, kwa sababu tukilichana ndani yake kutaonekana madoa, na watu watauliza. Tulibishana. Nilikuwa na haki na nilijua nina haki, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi nikaona ni jambo dogo, kwani lori si litakuja asubuhi tu? Nikaiweka kalamu chini.

Mama akalivika shuka safi, lile la maua ya buluu, akalifunga kamba pande nne. Lilipendeza kama bibi harusi. Alhamisi ilikuwa kesho yake. Tukalishusha jioni, mimi mbele, Mama nyuma, tukalisimamisha kwenye kona. Asubuhi nilipokwenda kazini halikuwepo, nikajua lori limewahi. Niliandika katika shajara: “Godoro limekwenda. Kazi imekwisha.”

Wiki zikapita. Humu ndani tukawa tunalala kama wafalme, kwenye godoro jembamba lisilo na mtu mwingine ndani. Mama akarudia kuimba jikoni.

Halafu Jumanne moja nikitoka kazini nikakuta zogo uani, pale kwenye mabomba. Mwalimu wa hesabu, yule kijana wa ghorofa ya nne mwenye mashati yaliyonyooka kama karatasi, alikuwa ameshika shati mkononi, mbali na mwili. Mdudu alikuwa ametembea kwenye kola yake mbele ya darasa zima, na unajua darasa la watoto wa miaka kumi na tano halina huruma. Mama Povu naye alikuwa amejifunga kiunoni tayari kwa vita.

“Mimi nakupa nguo safi unanirudishia na mifugo!” alikuwa anasema mwalimu.

“Mifugo yako mwenyewe! Bachela una kunguni wengi kuliko vijiko! Wewe ndiye uliyeniletea, kwenye lile furushi lako la wiki mbili!”

“Mimi? Chumba changu uje ukikague hata sasa hivi!”

“Nikague nini? Kitanda kimoja na mswaki?”

Watu walicheka, na mimi karibu nicheke. Kisha nikaangalia ukutani nyuma yake. Godoro lilikuwa limeegemezwa juani, bila shuka, na nikaona ile pembe niliyoishona kwa uzi mwekundu mwaka ule paka alipoichana. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na shuka la maua ya buluu.

Shangazi, nilipanda ngazi bila kusalimia mtu.

Nilimwambia Mama. Akasema kunguni hawana chapa ya mwenye mali, na kama Mama Povu alikwenda kuokota kitu barabarani bila kuuliza, amejitakia. Aliyasema haya huku akikunja na kukunjua kitambaa kile kile. Nilijua haamini anayoyasema. Lakini na mimi nilinyamaza. Jumatano nilinyamaza, Alhamisi nikanyamaza, na siku hizo mbili zilitosha. Habari ilizunguka jengo zima. Kila nilipopita mtu alikuwa anashuka kwa dobi kuchukua furushi lake, akilibeba kwa ncha za vidole. Ijumaa wenye nyumba ya wageni ya ng’ambo ya barabara wakaja kuchukua mashuka yao yote. Hao ndio waliokuwa wanamlipia kodi Mama Povu, unajua. Wengine wote sisi tulikuwa kitoweo tu.

Jumamosi asubuhi nikashuka. Nilimkuta peke yake, beseni zimegeuzwa kifudifudi, pasi imepoa. Sijawahi kuiona pasi ile imepoa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza: kiti, dawa, tangazo, kalamu, shuka. Nilitegemea anirushie beseni.

Akaniuliza, “Mashuka ya jengo hili anafua nani?”

Nikasema, “Wewe, Mama.”

“Basi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nani hukojoa kitandani na ana mvi, najua. Nani halali na mkewe, najua. Nani amerudi na rangi ya midomo isiyo ya nyumbani kwake, najua. Umewahi kusikia nimesema? Kwa muda wote huo, umewahi kusikia?”

“Hapana, Mama.”

“Kunguni ndiyo siri gani ya kunificha mimi? Mngenishushia yale mashuka yenu na vitone vyake, ningeyachemsha, ningenyamaza. Na lile godoro nisingeligusa.”

Nikamuuliza kwa nini aliligusa. Sikumuuliza kwa ubaya. Yeye anajua zaidi ya wote kwamba kitu cha barabarani huwa na historia yake. Akaangalia pembeni.

“Nilikwenda kutupa majivu alfajiri, nikaliona. Ule uzi mwekundu ulikuwa umechomoza chini ya shuka. Nikasema, hili ni la shoga yangu. Nimelikalia jioni ngapi tukimenya maharage na kuwateta watu! Nikasema haliendi jalalani mimi nikiwa hai. Na limevikwa shuka safi, nikadhani wifi yake anamtakia heri atakayeliokota.”

Kwa hiyo aliliburura mwenyewe mpaka ndani. Alilala juu yake akifurahi, Shangazi. Alisema usiku wa kwanza alizungumza nawe.

Nilipopanda nikamweleza Mama maneno hayo kama nilivyoyasikia. Sikuongeza chumvi. Mama aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na mkononi ana ile kalamu ya wino mzito. Akashuka mbele yangu. Hawakukumbatiana wala kuliliana. Usifikiri ilikuwa hivyo. Mama alisema, “Nimekukosea.” Mama Povu akasema, “Ndiyo.” Kisha akatafuta kisu.

Tulilichana godoro uani mchana kweupe, sisi watatu, watu wakiwa wamejazana kwenye kingo za veranda. Mama Povu alichana pande zote ila ile pembe ya uzi mwekundu. Hapo alinipa kisu mimi. Tukalifunga nailoni mara mbili. Mama akapiga magoti akaandika mwenyewe, herufi kubwa, na mwandiko wake unaujua, mzuri kama wa cheti: KUNGUNI. Chini yake akaongeza jina lake na namba ya mlango wetu. Hakuna tangazo lililomtaka afanye hivyo.

Lori lilikuwa bado siku nyingi, na hatukutaka lilale nje tena. Tukamwita yule mzee wa mkokoteni anayekaa karibu na duka la saruji atupeleke mpaka uwanja wa taka ng’ambo ya daraja. Aliisoma nailoni, akakuna kidevu.

“Godoro nalibeba,” akasema. “Hawa abiria wa ndani nani anawalipia?”

Ndiyo mara pekee Mama Povu alipocheka siku ile. Mzee akavuta, mimi na Mama Povu tukasukuma, na Mama akatembea kando ya mkokoteni mwendo wote, upande ule ule wenye maandishi, akimwamkia kila aliyetuangalia. Baba alitusindikiza kwa macho dirishani. Pale uwanjani wana shimo maalumu na mashine. Msimamizi akatushukuru kwa kuandika, akasema wengi hawaandiki. Mama alimwitikia, “Tumechelewa kuandika.”

Jioni ile nilipita mlango kwa mlango, kuanzia ghorofa ya chini mpaka juu, nikawaambia watu kwamba kunguni walikuwa wetu. Wengine waliniambia wameshajua. Mwalimu wa hesabu aliniambia nimpe dakika moja, akavaa shati, akashuka kumwomba radhi Mama Povu. Wamepatana kiasi, Mama Povu anamwita bachela wa vijiko na yeye anaitika. Mpulizia dawa alikuja tena, safari hii kwa jina lake halisi, akatibu chumba cha Mama Povu na vingine viwili.

Lakini si yote yaliyorudi. Watu wa jengo wamerudi nusu, polepole. Nyumba ya wageni haikurudi. Nilikwenda kuonana na msimamizi wake mara mbili. Ni mtu mwenye adabu, alinisikiliza, akasema anaelewa kabisa, ila wageni wake wakisikia neno hilo hawataelewa. Ameshapata dobi mwingine. Mama Povu anasema mwezi huu atajikaza, mwezi ujao hajui. Amesikia kuna chumba cha bei ndogo kule mwisho wa barabara ya viwanda, mbali na wateja wote aliobaki nao. Mama amempelekea godoro jipya. Amelirudisha, kwa upole, likiwa bado na nailoni yake. Mashuka yetu sasa anayapokea, anayafua vizuri kama zamani, lakini akimaliza anayaacha kwa mlinzi. Hapandi nayo. Zamani alikuwa anapanda, anakaa, anakunywa chai, anamaliza habari za dunia.

Najuta, Shangazi. Ningesema nilimtii mama yangu na hapo nikapumzika, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu na tangazo nililisoma mimi. Mambo magumu yote niliyaweza, jepesi likanishinda. Na Mama anajuta zaidi. Jana nilimkuta amesimama juu ya ngazi na sahani imefunikwa, hashuki wala harudi.

Sasa ombi langu. Nilimwambia Mama Povu kwamba nitakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu. Akasema nisimtaje kabisa. Nilidhani ana hasira nawe kwa ajili yetu. Kumbe sivyo. Alisema, “Nitamwambia nini? Godoro lake nimelipasua kwa mkono wangu.” Ndiyo maana simu zako za Ijumaa hazipokei. Si kwamba ameghadhibika; anaona haya. Yeye, katika watu wote wa jengo hili.

Nakusihi, usipige kutuombea msamaha. Hilo ni letu, tutalibeba wenyewe ngazi kwa ngazi. Mpigie kwa ajili yake. Asipopokea, piga tena. Mwambie lilikuwa godoro tu. Na kama utaweza, mwombe asihame kwanza, kwako husikia.

Nisalimie dada na shemeji, na wale wajukuu zako wawili, hasa yule mdogo anayekataa viatu. Baba anakusalimu, anasema ukipata dawa ya kiuno huko usiitumie yote. Mama anasema niandike “wifi yako”, halafu anashindwa kuendelea. Pokea hivyo hivyo. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na akupe usingizi mwema popote ulazapo ubavu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye leo na siku zote.